Mwaka Niliohesabu Kaptula za Kariakoo

Mwezi uliopita tulikusanyika Upanga kwa arobaini ya Bi Zuhura, na mimi, mwenye miaka hamsini na miwili na mvi za kutosha, nikaketishwa kwenye sinia moja na wazee watatu ambao wote waliniita kijana. Pilau ilikuwa ya moto, kachumbari ilikuwa kali, na kwa muda tulikula tu. Kisha mmoja wao akamwinamia mwenzake na kumwambia, kwa ile sauti ambayo watu wenye masikio mazito hudhani ni ya siri, "Huyu ndiye Takwimu. Yule wa chati." Mwenzake akaacha tonge hewani, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. "Si alifukuzwa?" "Alifukuzwa, akarudi." "Aaa," akasema yule, akamalizia tonge lake, wakahamia kwenye habari za foleni ya hospitali. Mimi nilibaki nimeinamia wali, nacheka na huku macho yananiuma. Ni kweli nilifukuzwa. Zilikuwa Jumamosi tatu tu, lakini nilifukuzwa, na aliyenifukuza ndiye tuliyekuwa tumemsomea dua muda mfupi uliopita. Yeye mwenyewe alipenda sana kukisimulia kisa hiki, na kila aliposimulia alinipunguzia makosa, jambo ambalo lilinikera kuliko kama angeniongezea. Sasa hayupo, basi nitakieleza mimi, pamoja na makosa yangu yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilifanya kazi katika kampuni ya bima pale mjini, kitengo cha takwimu, ambako kazi yangu ilikuwa kukadiria ni wateja wangapi watagongwa, wataibiwa au watafariki kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na meza, feni na tai mbili, na niliamini kwamba dunia ina matatizo kwa sababu watu hawajui kukokotoa wastani. Siku moja, kwenye kaunta ya mapokezi, nikaokota kikaratasi cha chama kimoja cha hisani kilichoitwa Tundu la Sindano. Kilieleza kwamba chama kinawagawia miwani ya kusomea mafundi cherehani wa Kariakoo waliovuka miaka arobaini, umri ambao macho huanza kukataa kuona vitu vya karibu na fundi hutumia nusu ya asubuhi kutunga uzi. Hadi hapo sawa. Lakini chini, kwa wino mzito, kiliandikwa: "Asilimia 112 ya mafundi tuliowapa miwani sasa wanaona vizuri." Nilikisoma mara tatu. Saa ya chakula cha mchana ilipofika sikwenda kula. Nilikata Mnazi Mmoja kwa miguu, juani, na tai yangu shingoni, nikiwa nimekishika kile kikaratasi kama mtu aliyekamata mwizi.

Ofisi ya Tundu la Sindano ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo chini waliuza vitenge na katikati walihifadhi ndoo za plastiki, kwa hiyo ngazi zake zilipandwa kwa ubavu, ndoo zikikugusa mgongo. Chumba kilikuwa kimoja. Kulikuwa na meza, mabenchi mawili, ubao wa herufi wa kupimia macho, kabati la chuma lenye maboksi ya miwani, na dirisha ambalo halikufungika, hivyo kelele za mtaa mzima ziliingia bila hodi: wasukuma mikokoteni wakipiga kelele "Pisha mzigo!", muuza soksi akiimba bei zake, na chini ya yote hayo mngurumo wa vyerehani kutoka kwenye korido ya jengo lile lile, ambako mafundi arobaini walikaa kwa safu mbili. Nyuma ya meza alikaa mama mfupi mwenye khanga mabegani na miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alikuwa Bi Zuhura, muuguzi wa macho mstaafu, mwanzilishi wa chama. Pembeni yake alikaa Bwana Shomari, katibu, mtu mwembamba aliyependa ripoti kama wengine wanavyopenda mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jicho lipi?"

"Macho yangu mazima. Nimekuja kuhusu asilimia." Nikakiweka kikaratasi mezani. "Haiwezekani asilimia ya watu ikazidi mia moja."

Bwana Shomari akajiinua kwenye kiti. "Tuligawa miwani hamsini kwenye mtaa wa nyuma. Tulipouliza nani sasa anaona vizuri, ikanyooshwa mikono hamsini na sita. Ulitaka tuikate?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu, na nadhani kuna mahali nilichora duara. Bi Zuhura alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea wagonjwa, kisha akauliza, "Wewe ni mwalimu wa hesabu?"

"Mtakwimu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Takwimu ni kukadiria jambo usilolijua kwa kutumia yale machache unayoyajua."

"Mbona hata mimi nafanya hivyo kila siku, na sijawahi kuvaa tai." Akanisogezea sahani ya chapati na bakuli la maharage ya nazi. "Kula. Jumamosi unafanya nini?"

"Sina kazi maalumu."

"Sasa unayo."

Nilipokuwa nakula ndipo aliponieleza shida yao. Mfadhili alikuwa tayari kutoa miwani kwa mafundi wa Kariakoo nzima, lakini alitaka kwanza uthibitisho kwamba miwani inaongeza uzalishaji: fundi akiona vizuri, anashona nguo nyingi zaidi. Uthibitisho huo ungefanyika kwenye korido ya chini, na kwenye kabati kulikuwa na miwani ishirini tu kwa mafundi arobaini. "Wanataka kipimo," alisema Bi Zuhura. "Mimi najua kupima macho. Kupima wema sijui unapimwa kwa rula gani." Nikamwambia, mdomo ukiwa na chapati, kwamba hilo ni jambo jepesi kabisa. Nimezitafakari baadaye sentensi nyingi za kijinga nilizowahi kusema, kwa sababu kazi hii ndiyo iliyokuja kuwa maisha yangu na nimepima visima, vyoo na vyandarua katika mikoa ambayo zamani nilikuwa naiona kwenye ramani tu. Hiyo bado ndiyo inayoongoza.

Jumamosi ya kwanza niliteremka kwenye korido na dodoso la maswali kumi na nane. Nilianza na fundi wa mwisho safu ya kulia, Mzee Nandonde, aliyekuja Dar kutoka Newala akiwa kijana na ambaye alishona sare za shule kwa macho yaliyofumbwa nusu, akiongoza kitambaa kwa vidole kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikasoma: "Kwa kipimo cha moja hadi tano, unaona vizuri kiasi gani unaposhona?"

"Wewe unataka ngapi?"

"Mimi sitaki yoyote, mzee. Sema ukweli wako."

"Nikisema moja, napata miwani?"

"Hapana. Haihusiani."

"Nikisema tano?"

"Haihusiani vilevile."

Akasimamisha cherehani. "Sasa kijana, kama nikisema hiki sipati na nikisema kile sipati, unaniuliza kwa ajili ya nini?" Jirani yake, Fundi Mwajuma, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza ngoma za vigodoro mtaani, alikuwa amesikia yote. "Mimi niandike sifuri," alisema kabla sijamfikia. Nikamwambia sifuri haimo. "Itie." Habari ikasafiri koridoni kwa kasi kuliko mimi. Nilipofika safu ya kushoto mafundi wote walikuwa vipofu. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mwanamume au mwanamke, na papo hapo akaokota sindano iliyoanguka chini ya cherehani cha mwenzake.

Nikalitupa dodoso, nikaamua kuhesabu vitu badala ya maneno. Mafundi wale walishona kaptula za shule mwaka mzima kwa ajili ya wafanyabiashara wa jumla, na kaptula haina ujanja: ipo au haipo. Ningezihesabu kila Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kabla ya miwani na baada. Lakini kila nilipokaa karibu walishona kama wanakimbizwa, na nilipoondoka walilegea, kwa hiyo nikawa najificha nyuma ya nguzo pamoja na kijidaftari na mihogo ya kukaanga. Nilijiona hodari hadi siku muuza kahawa alipopita na Fundi Mwajuma akamwambia kwa sauti, "Mpe na yule wa nyuma ya nguzo, tumbo lake limebaki nje." Tangu siku hiyo nikapata jina la Takwimu, na nikapata kiti cha kudumu katikati ya korido. Wakanizoea. Walinizoea hata wakawa wanagombana mbele yangu, wanasemana, wanajadili ndoa za watu wenye maduka, na mimi nikihesabu. Nilijifunza zaidi kuhusu Kariakoo kwenye kile kiti kuliko kwenye vitabu vyote nilivyobeba chuoni, ingawa sehemu kubwa haifai kuchapishwa.

Kisha ikaja kura. Nilimweleza Bi Zuhura kwamba namna pekee ya haki ni bahati nasibu: ishirini wapate miwani sasa, ishirini wasubiri miezi mitatu, tulinganishe. Hakuipenda. Alisema miaka thelathini ya uuguzi haijawahi kumfundisha kumwacha mgonjwa mmoja kwa makusudi ili amtazame mwingine. Nikamwambia miwani ni ishirini, kuna watakaokosa hata tufanyeje, naye akaleta sufuria yake ya ubwabwa iwe ya kupigia kura. Mafundi walichota vikaratasi mmoja mmoja, wengine wakianza na bismillahi na wengine wakifanya ishara ya msalaba. Fundi Mwajuma akapata MIWANI, akapiga kigelegele. Mzee Nandonde akapata SUBIRI. Alikiinua kikaratasi, akakisogeza mbali, akakileta karibu, mwishowe akampa Mwajuma amsomee. "Subiri," akasoma Mwajuma taratibu. "Hiki si changu," akasema mzee, akakirudisha kwenye sufuria. "Mimi nilishasubiri."

Wiki mbili baadaye nikagundua janga. Mwajuma na Nandonde walikuwa wamekaa bega kwa bega kwa miaka kumi na moja, na kila uzi wa mzee ulipokatika, Mwajuma alivua miwani bila hata kugeuka, mzee akaivaa, akatunga uzi, akamrudishia. Nikatazama safu nzima. Walikuwa wanafanya hivyo wote. Miwani ilitembea koridoni kama chumvi mezani. Kundi langu la kulinganisha, ambalo lilipaswa kuishi bila miwani, lilikuwa linaona. Nilipanda juu kwa ubavu, nikaandika tangazo, nikalibandika kwenye nguzo: MIWANI ISIAZIMWE. NI AMRI. IDARA YA TAKWIMU. Idara ilikuwa mimi. Fundi Mwajuma alilisoma hadi mwisho, na kwa miwani ile ile.

"Takwimu, njoo. Uzi wa mzee ukikatika, nifanyeje?"

"Atunge mwenyewe, kama zamani."

"Zamani alikuwa anajichoma. Kwa hiyo mwenzangu ajitoboe vidole ili karatasi yako ikae sawa?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, akasubiri jibu, na korido yote ikasubiri naye. Nilikuwa na jibu zuri kutoka chuoni, lenye istilahi mbili, nikaliacha huko huko. Nikalibandua tangazo mwenyewe. Nikiwa nalikunja, ndipo nilipoielewa mikono ile hamsini na sita ya mtaa wa nyuma: sita walikuwa ni majirani. Nilizipanda zile ngazi kwenda kumwomba radhi Bwana Shomari, naye akaipokea kwa heshima kubwa na kuniomba niiandike.

Miezi mitatu ikaisha. Niliingiza hesabu zangu kwenye kompyuta ya ofisini wakati wenzangu wamekwenda kula, nikabonyeza, nikatazama. Nikadhani nimekosea safu. Nikarudia. Siku nne mfululizo sikula mchana, na kila siku jibu lilikuwa lile lile: mafundi wenye miwani walikuwa wanashona kaptula chache kuliko wale wasio nayo, na chache kuliko walizoshona wao wenyewe kabla ya kupewa. Haikuwa tofauti ya kutisha, lakini ilikuwa wazi, na ilikuwa upande usiotakiwa. Bi Zuhura alikuwa amelala kitandani na homa wiki hiyo. Ofisini nilimkuta Bwana Shomari peke yake, nikamwonyesha chati yenye mstari unaoshuka. Aliitazama kwa makini sana. Kisha akaichukua, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Hivi je?"

"Sasa maandishi yamepinduka, Bwana Shomari."

"Maandishi yanaandikwa upya." Akaketi. Alikuwa mtu mwema, na nataka hilo lieleweke. "Mgeni wa mfadhili anakuja Jumamosi. Akiona hii, Nandonde na wale kumi na tisa hawapati miwani. Kariakoo nzima haipati. Na mama anaumwa. Tumwambie nini mama?" Tukakubaliana tusimwambie, asije akapandwa na presha. Nikarudi kazini. Ilinichukua dakika nne. Nilibadilisha tarakimu chache, si nyingi, nikabonyeza, na mstari ukapanda kuelekea kona ya juu kama ndege. Nakumbuka niliufurahia. Hicho ndicho kinachoniaibisha mpaka leo kuliko uongo wenyewe. Niliegemea kiti, nikaufurahia.

Jumamosi nilifika mapema, nikiwa na mkoba wenye ripoti ya kweli ambayo sikujua kwa nini nimeibeba. Koridoni Fundi Mwajuma alikuwa peke yake. Cherehani chake kilikuwa kimya. Alikuwa ameshika kaptula mpya kabisa, ya bluu, na wembe, anafumua mshono uzi kwa uzi.

"Imeharibika?" nikamwuliza.

"Haijaharibika. Ni kama zote nilizowahi kushona."

"Sasa mbona unaifumua?"

Akanisogezea ile kaptula, akaweka kidole kwenye mshono wa nyuma. Ulikuwa unayumba kama mlevi anayevuka barabara. "Kwa sababu sasa naiona," alisema. "Takwimu, miaka yote mimi nilikuwa nashona kwa kugusa. Mkono ukiniambia sawa, naamini. Siku uliyonipa miwani niliangalia kaptula ya kwanza, nikatamani nimtafute kila mtoto wa Dar es Salaam aliyevaa kaptula yangu, nimwombe radhi yeye na mama yake." Akakata uzi mwingine. "Wote tunafumua. Unadhani tunapenda? Mtu ukishaona, utafanyaje?"

Nilikuwa nimekaa mbele yake Jumamosi kumi na mbili tangu apewe miwani, nikihesabu kaptula zilizotua kwenye rundo. Zile zilizorudi kwenye wembe sikuzihesabu hata moja. Nikakimbilia juu, ndoo zikianguka nyuma yangu. Nilipofungua mlango, chati ilikuwa tayari ukutani. Bwana Shomari alikuwa ameikuza hadi ikawa kubwa kama shuka. Sambusa zilikuwa mezani, juisi ya ukwaju ilikuwa kwenye jagi, na mgeni alikuwa ameshaketi: Bi Anastazia, afisa tathmini wa mfadhili, dada mtulivu mwenye sketi ya kijivu na daftari dogo. Bi Zuhura, amepona lakini amekonda, alikuwa amesimama kando ya chati akiionyesha kwa fimbo ile ile ya kuonyeshea herufi.

"Mimi si msomi wa mambo haya," alikuwa anasema, "lakini mtoto wetu huyu ni msomi, na huu mstari unapanda. Nilijua utapanda. Nilijua tangu siku ya kwanza." Alinitazama mimi. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Sikusema. Nikachukua sambusa.

Mzee Nandonde alikuwa amealikwa kama mwakilishi wa wanaosubiri, na alikuwa amevaa koti. Akanyanyuka, akaisogelea chati hadi pua ikaigusa, akarudi nyuma hatua tano hadi akaiona. "Hiki kinachopanda ni nini?"

"Kaptula, mzee," akasema Bwana Shomari haraka. "Kaptula zinazoshonwa na wenzako wenye miwani."

"Nani? Mwajuma?" Mzee akacheka kwa dhati, bila ubaya wowote. "Mwajuma siku hizi kaptula moja anaishona mara mbili! Mimi kipofu nampita kila siku. Au mnahesabu na za kufumuliwa?"

Huko chini yule muuza soksi aliendelea kuimba bei zake. Bi Anastazia akageuka, si kwa Nandonde wala kwa katibu, akanitazama mimi, na sambusa yangu. Nikaiweka chini. "Ile chati si ya kweli," nikasema. "Niliitengeneza mimi. Mstari wa kweli unashuka." Sikumtazama Bi Zuhura, lakini nilisikia fimbo ikiwekwa juu ya meza, polepole sana.

"Takwimu," akasema. "Una nyingine?"

"Ninayo."

"Isome."

Nikaisoma yote, na mwishoni nikaongeza nililoelezwa na Mwajuma nusu saa kabla. Bi Anastazia aliandika. Kisha akasema angependa kumwona huyo fundi. Tukateremka wote kwa ubavu, mmoja nyuma ya mwingine, na Mwajuma, ambaye hakuambiwa mgeni ni nani, alimpa mkono, kisha macho yake yakashuka kwenye pindo la ile sketi ya kijivu. Akavuta miwani juu ya pua. Akainama. "Dada," akasema kwa huruma kubwa, "nani amekufanyia hivi?"

"Nilinunua ng'ambo," akajibu Bi Anastazia.

"Basi na huko hawana miwani." Akamkalisha, akamfunga kitenge kiunoni, akamvua sketi kwa ustadi wa stara, na kwa dakika ishirini afisa tathmini alikaa koridoni akinywa kahawa na kashata huku pindo lake likifumuliwa mbele ya kadamnasi. Alicheka. Aliondoka anacheka, na Bwana Shomari akaninong'oneza kwamba tumepona.

Hatukupona. Juu, Bi Zuhura alikuwa anaibandua ile chati, na alikataa nimsaidie. Aliikunja mara nne. "Yule ni mgeni," alisema. "Ungemdanganya, angerudi zake Masaki na maisha yangeendelea. Mimi ulinisimamisha mbele ya ukuta nikajisifu. Tena nimetoka kwenye homa." Nikaanza kueleza habari ya presha. "Presha yangu ni yangu," akasema. "Nenda. Usirudi." Nilishuka zile ngazi, na kwa mara ya kwanza ndoo hazikunigusa, nilikuwa nimejikunyata kiasi hicho.

Jumamosi tatu nililala nyumbani nikitazama dari. Katika wiki ya nne Bwana Shomari alikuja kaunta ya bima, amevaa tai, akaomba kumwona "mkuu wa Idara." Barua ya mfadhili ilikuwa imefika. Ilikuwa ndefu na yenye adabu. Mpango wa Kariakoo nzima usingeendelea, kwa kuwa lengo la kuongeza uzalishaji halikufikiwa. Lakini wale ishirini waliosubiri walikuwa wameahidiwa, na wao wangepata. Hivyo tu. Nimesimuliwa hadithi nyingi ambamo ukweli hulipwa vizuri zaidi ya hapo, na huwa nazisikiliza kwa hamu. "Mama anasema uje," akamaliza Bwana Shomari. "Anasema mafundi hawajaambiwa kilichoonekana. Aliyewapima ndiye awaambie. Mmoja mmoja. Na ukitamka asilimia, urudi nyumbani."

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mafundi arobaini, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi mwaka ukaisha. Haikuwa rahisi. Lugha yote niliyokuwa nayo ilikuwa imejengwa kwa neno lile lile nililokatazwa. Niliwaambia tulichotegemea, tulichokuta, na nilipokosea. Wengine walicheka. Mmoja alinuna akasema angejua asingekuja kuhesabiwa siku aliyokuwa anaumwa tumbo. Wawili walinionyesha nilipowahesabia vibaya, na walikuwa sahihi. Mwajuma alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ulikuwa na akili, ila hukuwa unauliza," na akanipa nusu ya kitumbua chake. Bi Zuhura hakusema lolote kuhusu kunisamehe. Jumamosi moja tu sahani ya chapati ilisogezwa tena upande wangu.

Mzee Nandonde nilimfikia siku miwani ilipoletwa. Yake ilikuwa mapajani mwangu, ndani ya mfuko wa nailoni. "Mzee, kabla hujavaa nikwambie. Wenzako waliovaa hii, kazi yao ilipungua. Wanachelewa, kwa kuwa wanafumua."

"Na mimi nitachelewa?"

"Nadhani."

"Hakuna namna ya kuona bila kuchelewa?"

"Sijaiona, mzee."

Alitazama rundo lake la kaptula, refu kuliko yote koridoni, kazi ya asubuhi moja. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Jumamosi iliyofuata nilipita kumsalimia. Cherehani kilikuwa kimya na mzee ameinama, miwani ncha ya pua, wembe mkononi, pindo zima la sketi ya shule likiwa wazi mapajani mwake. Nikamwamkia. Hakusikia. Nikamwamkia tena. Alikata uzi mmoja, akaunyofoa, akautazama kwa hasira ya mtu aliyeibiwa kwa miaka mingi na ndugu yake mwenyewe.

"Marahaba," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Leo usinihesabu."